Gari Lililokohoa Siku ya Misa

Gari likisitasita unapokanyaga pedali ya esanse, yaani petroli, usijiambie kwamba litapona njiani. Wako watu waliojiambia hivyo, na wake zao leo wanavaa nyeusi. Berthe aliyasema haya nyumbani kwake Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, mara nyingi sana, mpaka watu wa nyumba hiyo wakaacha kumjibu.

Mwanawe Floribert alikuwa na Toyota ndogo ya taxi. Siku za kazi alibeba watu kwenda Kambove na kurudi, gari limejaa mpaka mlango unafungwa kwa kusukumana, nalo likipanda vilima bila neno. Lakini Jumapili ikifika, familia imevaa vizuri, Fortunée, mke wa Floribert, amempakata mtoto Tina, gari lilianza kushtukashtuka kwenye mpando wa kwanza, mfano wa mtu mwenye kwikwi anayelazimishwa kuimba. Floribert akikanyaga, lilifikiri kwanza. Lilikohoa, likakohoa tena, ndipo likakubali kwenda. Na jambo lililomvuruga Berthe kichwa zaidi ni kwamba walipotoka misani gari lilikuwa limepona. Kwenda linaumwa, kurudi ni zima.

Jumanne walilipeleka kwa Barnabé, fundi mwenye garaji la mabati nyuma ya soko. Barnabé alifungua boneti, akaivutisha motere, yaani injini, ikanguruma sawasawa. Akalizungusha gari sokoni. Hakuna kitu.

"Mama Floribert, hii motokari haina bugonjwa. Inakufiaka wapi?"

"Inakufa siku ya Mungu."

"Basi mupelekee Padiri. Minye nafungaka siku ya Mungu."

Hata hivyo alibadilisha buji zote, zile plagi zinazotoa cheche. Jumapili gari likakohoa. Akabadilisha filta. Likakohoa. Akasema ni esanse ya chupa, ile inayouzwa kandokando ya barabara, inachanganywa na vitu visivyojulikana. Floribert akanunua ya stesheni kwa bei ya stesheni. Likakohoa vilevile. Jirani yao Georgette alisema gari hilo halipendi kuomba, na akacheka sana kwa neno lake mwenyewe.

Berthe hakucheka, kwa sababu ya yale yaliyotokea Jumapili iliyotangulia. Siku hiyo walikwenda Kambove kwa wazazi wa Fortunée kupanga ubatizo wa Tina. Mbele yao kulikuwa na kamyo ndefu iliyopakia shaba. Floribert alitoka kuipita, kama anavyofanya kila siku ya kazi. Walipofika katikati yake, gari likasita. Magurudumu ya kamyo yalikuwa usawa wa dirisha la Berthe, naye aliziona nati zake zikizunguka. Kwa mbele ikatokea kamyo nyingine, imewasha taa. Floribert alikanyaga mpaka chini na gari likamjibu kwa kikohozi. Dereva wa kamyo waliyokuwa wakiipita ndiye aliyewaokoa: alifunga breki, akawaachia nafasi, wakajipenyeza mbele yake. Tina peke yake ndiye aliyeimba njia nzima.

Na sasa ubatizo ulikuwa Jumapili inayokuja. Njia ileile, gari lilelile, mtoto yuleyule mapajani. Floribert alikuwa ameshasahau. Wanaume wana namna yao ya kusahau: gari likienda vizuri Jumatano, basi gari la Jumapili lilikuwa la mtu mwingine.

"Mama, tangu siku ine inaenda muzuri tu," alimwambia. "Utaniangaliaka hivi mpaka lini?"

"Mpaka nijue inaumwa nini, papa," Berthe akamjibu mwanawe.

Ijumaa, akichambua mboga za matembele chini ya dirisha la jikoni, Berthe alimsikia Fortunée akimwambia mumewe kwa sauti ya chini: "Papa Tina, wangalia muzuri. Siku mama haiko mu motokari, haikohoake. Akipanda tu, inaanza."

Floribert alimwambia anyamaze. Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Berthe alibaki na jani mkononi. Kilichomuumiza hakikuwa matusi, maana yeye mwenyewe alikuwa ameliwaza jambo hilo na kulificha. Alikumbuka kila Jumapili, nani alikaa wapi, nani alipanda kwanza. Ni kweli, siku za kazi hakupanda. Je, akishuka, gari litapona? Kama ni hivyo, angeshuka, angekwenda Kambove kwa miguu. Lakini kama si hivyo, atashuka bure, na wao watakwenda kufa bila yeye.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, Floribert aliosha gari uani. Marehemu baba yake alifanya kazi kiwandani Shituru, na huko mashine ilioshwa kwanza ndipo ikakaguliwa, ili mahali inapovuja pasijifiche. Berthe aliishika sheria hiyo kama amri ya kanisa. Na tangu kikohozi kianze alikaza zaidi: fungua boneti, paka sabuni, mwaga maji mpaka motere ing'ae kama sufuria ya harusi. Mgonjwa hapelekwi kwa daktari na uchafu wake.

Gari lilipokwisha kung'aa, Berthe alijifunga kitenge kingine, akaenda kumtafuta Barnabé. Alimkuta anafunga garaji.

"Leo utaikalia weye mwenyewe," akamwambia.

"Mama, minye nimenawa tayari."

"Utanawa tena. Mujukuu yangu iko mu ile motokari."

Barnabé akamfuata. Walipofika, Berthe alimpa Georgette mtoto amshike, akamwambia Fortunée apande nyuma, Floribert mbele, na Barnabé ashike usukani. Yeye mwenyewe akasimama mlangoni pa ua.

"Weye haupande?" Floribert akauliza.

"Minye nabakia. Muende mpaka mu mupando ya Shituru, tuone inakohoa juu ya nani."

Fortunée aliangalia viatu vyake.

Walikwenda. Berthe alisimama pale akisikiliza, na hakujua la kuomba. Gari likirudi zima, yeye ndiye ugonjwa. Likirudi linakohoa, ugonjwa bado umejificha na kesho ni ubatizo. Akaanza Salamu Maria, akaacha katikati, akaanza tena.

Alilisikia kabla hajaliona. Lilikuja linakohoa kama mzee wa migodini. Barnabé alishuka akitabasamu, uso wa mtu aliyekutana mwishowe na yule aliyekuwa akisimuliwa habari zake tu.

"Kumbe munasemaka kweli," akasema.

Fortunée alishuka, akapita karibu na mama mkwe wake, akamshika mkono kidogo, akaenda kumchukua mtoto. Hivyo ndivyo alivyoomba radhi.

Barnabé aliacha motere inazunguka, akawa anachomoa waya wa bobini moja, kifaa kinachoipelekea buji umeme, anarudisha, anachomoa ya pili, anarudisha. Kila mara motere ililalamika. Alipochomoa ya tatu, haikulalamika. "Hii njo yenye kulala," akasema. Akazima, akaivuta bobini yenyewe kutoka shimoni mwake. Kofia yake ya mpira ilitoka ikidondosha maji.

Maji ndani ya moto.

"Motere imepasuka?" Floribert akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Sijue." Barnabé aliangalia maji ya radieta. Yalikuwa yamejaa. Aliangalia mafuta ya motere. Safi. "Sijue hata kidogo. Hii mayi imetoka wapi?"

Georgette akasema polepole kwamba kuna watu wanaotuma vitu hivyo. Berthe hakumsikiliza. Alichovya kidole kwenye ule mpira, akakipeleka puani. Akanusa tena. Ilikuwa harufu ya sabuni ya mawese, ile anayoinunua yeye mwenyewe sokoni kila wiki.

"Ni mayi yetu," akasema. "Ni ya kuosha."

Barnabé alinusa naye, akakaa kitako juu ya ndoo. Ndipo akaanza kueleza, huku na yeye mwenyewe akijieleza. Mpira wa bobini umezeeka, umepata ufa. Maji ya Jumamosi yanaingia yanalala katika shimo la buji. Ukienda polepole, moto wa buji unapita. Ukikanyaga, moto unakuwa mkali, unaona maji, unakimbilia pembeni, na silindri moja inalala usingizi wakati zingine zinavuta. Motere ikipata joto maji yanakauka, gari linapona. "Na minye munaniletea kisha siku tatu, naikuta imekauka. Ningejua namna gani?"

"Na kadiri inaumwa, tuliiosha zaidi," Floribert akasema, akamtazama mama yake.

Barnabé alikausha kila shimo kwa kitambaa na pampu. Walipojaribu tena, gari lilipanda bila kikohozi. Lakini ufa ulikuwa bado upo, na mpira mpya usingepatikana Likasi mpaka Jumatatu.

"Kesho itaenda?" Berthe akauliza.

"Itaenda. Kama itaenda njia yote, siwezi kuapa."

Usiseme basi wangebaki nyumbani. Padiri alikuwa anangoja, wakwe walikuwa wamechinja. Asubuhi Berthe alipanda mbele, karibu na mwanawe, Tina mapajani, akasema neno moja: "Hatupite mutu."

"Mama, minye ni shofa ya taxi."

"Leo uko baba ya Tina."

Nje kidogo ya mji waliikuta kamyo, nzito, inajivuta kama konokono. Floribert alijongea pembeni kidogo, akachungulia. Njia ilikuwa wazi. Gari halikuwa limekohoa hata mara moja, na huenda lisingekohoa. Berthe alitandaza kitenge juu ya uso wa mtoto, maana vumbi lilikuwa linaingia.

Floribert alirudi nyuma ya kamyo. Taxi zingine ziliwapita, wenzake wakimpigia honi na kumuuliza kwa madirisha kama amejifunza kuendesha jana. Alikaa nyuma ya kamyo ile mpaka Kambove. Waliingia kanisani wakati watoto wengine walikuwa wamekwisha kupakwa mafuta, nao nguo zao nyeupe zimekuwa nyekundu kwa vumbi la kamyo, na Padiri akawauliza kama walitoka machimboni.