Baba Alipofunga Koki

Aliyemchongea baba ni paka wa jirani. Paka alikuwa amenenepa hadi anakokota tumbo, na baba amekonda hadi mkanda wa suruali unamzunguka kama kamba ya mzigo. Shangazi, dada yake baba, alichungulia dirishani akamwona paka akilamba sahani nyuma ya tangi la maji.

"We mtoto, njoo uone! Kumbe huyu ndiye mgonjwa tunayemlisha."

Tangu tuambiwe baba ana saratani ya utumbo mpana, kila sahani ilirudi jikoni ikiwa tupu, nami nikajipa moyo kwamba anakula.

Tulimkuta chumbani ameketi kitandani, anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Baba, huli?"

"Nakula."

"Anakula paka," shangazi alisema. "Wewe unamtazama tu."

Mtaa mzima unamjua baba kwa mizaha, lakini safari hii hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Nimefunga koki," alisema.

Nilimwelewa palepale. Baba ni fundi bomba, nami nafanya naye kazi tangu nimalize chuo cha ufundi. Bomba la plastiki ukilikata na kuliunga, unafunga koki kuu, unakausha, unapaka gundi, unasubiri ishike. Kisha mimi nasimama kwenye koki, yeye anaweka kiganja juu ya kiungo. Naita, "Nifungue?" Ananijibu, "Kidogo kidogo. Na usibanduke kwenye koki." Maji yakipita mapema, kiungo kinavuja ndani ya ukuta, na hutajua mpaka rangi ianze kubanduka.

Daktari alikuwa amesema atakata kipande cha utumbo chenye uvimbe, kisha aunge ncha mbili. Hakutuficha kwamba wakati mwingine kiungo huvuja, na kikivuja ndani ya tumbo ni hatari. Baba hakusikia kingine. Alirudi nyumbani akaanza kukausha laini, yaani bomba la tumbo lake mwenyewe.

"Nataka wakinifungua wakute pakavu," alisema, sauti kama ya mtoto anayejitetea. "Nimeunga mabomba maisha yangu yote, bosi." Ananiita bosi tangu nilipoanza kazi, kwa kuwa nilikuja na cheti. "Najua kiungo kinachovuja kinavyoharibu nyumba."

Asubuhi tulimrudisha hospitali, shangazi kamshika mkono huu, mimi ule. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na wepesi ule ulinitisha kuliko neno saratani.

Daktari mpasuaji, mwanamke mwenye kucha fupi kama zangu, alimpima uzito, akasoma namba, akarudia kumpima.

"Mzee, nani alikwambia usile?"

Baba akaeleza: koki, gundi, ukavu. Daktari akavuta kiti akaketi.

"Kwa bomba, uko sahihi. Lakini plastiki haiponi, utumbo unapona. Mimi nitashona tu. Anayeshikanisha ni mwili wako, na gundi yake inatoka kwenye chakula. Nikikupasua ukiwa hivi, kiungo ndicho kitakachovuja."

"Tumechelewa?" niliuliza.

"Sijui bado. Picha hazionyeshi saratani kwenye ini wala mapafu, ndiyo maana nataka kuitoa. Ila uvimbe umebana njia, siwezi kungoja sana. Tumlaze, tumpe lishe ya majimaji, tumpasue akipata nguvu. Njia ikiziba kabla ya hapo, tutampasua vivyo hivyo."

"Na dawa za kwenye mshipa?" shangazi akadakia. "Si zinatosha, asikatwe?"

"Hizo pekee zingepunguza kasi ya saratani tu. Tukishautoa uvimbe tutaupima, tujue kama anazihitaji ili usirudi."

"Na ule mfuko?" Baba aliuliza akitazama sakafu. Mwanzoni aliposikia kwamba utumbo unaweza kutolewa kwenye ngozi ya tumbo, choo kiingie mfukoni, alisema afadhali azikwe.

"Sasa hivi ningekushauri uukubali. Choo kitatokea nje kabla ya kufika kwenye kiungo, kiungo kipumzike. Kikipona, mara nyingi tunaurudisha utumbo ndani. Mara nyingi, mzee. Siwezi kukuahidi."

Kidole cha baba kikachora mstari juu ya goti, kisha mwingine unaoupita pembeni.

"Laini ya pembeni," alisema. "Mpaka gundi ishike."

"Ndiyo."

Akanigeukia. "Mbona hukuniambia, bosi?"

"Nilikwambia jana kwamba mwili si bomba. Ukasema nisikufundishe kazi."

"Hilo kweli alisema," shangazi akasema, akajifuta macho kwa mtandio.

Walimlaza siku ileile. Muuguzi akaleta kikombe cha lishe, nzito, rangi ya maziwa. Baba alikishika kwa mikono miwili.

"Nifungue?" aliniuliza.

Niliogopa kujibu. Je, njia ikiziba leo? Je, tumeshachelewa?

"Kidogo kidogo," nilisema.

Alipiga funda moja. Akaweka kikombe chini, akalaza kiganja juu ya tumbo, kichwa kimeinama upande, jinsi anavyosikiliza ukuta. Tumbo likaguruma. Shangazi akanikamata mkono, kucha zikanichoma.

Baba alisikiliza hadi mngurumo ukaisha. Kisha akachukua tena kikombe.

"Usibanduke kwenye koki," alisema.

Nikasogeza kiti changu mpaka kikagusa kitanda.