Motere Baridi ya Wamaza

Kamyo ya Kamaldine, lori lake la mizigo, ililala kijijini Wamaza kwa sababu ya mvua. Alikuja kuchukua karanga na mchele, barabara ikaharibika nyuma yake, na ilipokauka kidogo motere, injini yake, ikakataa kuwaka. Ilikuwa motere iliyochoka. Ikishapata moto inatembea vizuri, lakini ikipoa inazunguka kwa uvivu, na batri zinaishiwa nguvu kabla haijashika. Ndiyo maana Kamaldine hupenda kuegesha kwenye mteremko. Safari hii alikwama kwenye tambarare, magurudumu ndani ya matope, na vijana waliokuja kusukuma walichoka bure.

Hapo ndipo Raphaël, mwenyeji wa kijiji, alipomjia. Mke wake, Léocadie, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, na mtoto alikaa vibaya. Aurélie, muuguzi wa kituo cha afya, alisema bila kuzunguka kwamba lazima apasuliwe, na daktari wa kumpasua yuko mjini Kasongo. Pikipiki ingemuua njiani. Ilibaki kamyo, au kumbeba kwa tipoi, machela ya miti, mabegani mwa watu.

Kamaldine alijaribu ufunguo mbele yake. Motere ikaguna, ikanyamaza.

Kisha akakumbuka waya. Kamyo hiyo ilitoka Ulaya, nchi za theluji, na chini ya bampa ya mbele ilikuja na waya mweusi wenye plagi kama ya nyumbani. Fundi mmoja wa Uvira alimweleza kwamba kule watu huuchomeka kwenye umeme, na chuma kidogo ndani ya motere kinapasha maji yake ili iwake bila taabu. Kamaldine hakuwahi kuutumia. Aliukunja, akaufunga kwa mpira, basi.

Emile, katekista, alileta grupu ya kanisa, ile jenereta ndogo ya vipaza sauti vya Jumapili. Alionya kwamba petroli iliyomo ni kidogo na nyingine haipatikani kijijini. Kamaldine akajaza maji kwenye radiateri, maana kile chuma kikikosa maji kinaungua, akapangusa kutu kwenye plagi, na grupu ilipowashwa akaichomeka.

Grupu ikaendelea kulia vilevile, kwa wepesi, kama haikufungwa kitu. Alijua maana yake: umeme haufiki. Akachomoa, akalala chini ya kamyo, akafuata waya kwa vidole mpaka alipokuta umeliwa na panya. Akauchubua, akauunga, akauzungushia kipande cha mfuko wa plastiki. Alipochomeka tena, sauti ya grupu ilishuka ikawa nzito.

Hiyo bado haikumtosha. Huenda umeme ulikuwa unapotelea mahali pengine. Akaweka kiganja ubavuni mwa motere, akangoja. Chuma kilikuwa baridi. Aurélie alikuja kuuliza. Alisema wakikaa kungojea kitu kilichokufa watawapoteza mama na mtoto, na wakienda kwa miguu tu, hata kesho hawatakuwa wamefika.

Taratibu kiganja kikaanza kuhisi kitu. Kamaldine akakihamishia upande wa pili, mbali na waya, apate kulinganisha. Kule baridi. Huku kulikuwa na joto, dogo, kama la paji la mtoto anayeanza homa.

"Papa Kamaldine," Raphaël akasema, "uniambie ukweli. Iko inafanya kazi?"

"Iko inapata moto. Hiyo naisikia na mukono wangu. Lakini kama motere itawaka, sijui. Siwezi kukudanganya juu ya bibi yako."

Raphaël akawageukia vijana waliokuwa wakingoja na tipoi. Akawaambia watangulie na Léocadie. Kamyo ikiwaka itawakuta njiani, isipowaka hawatakuwa wamepoteza muda. Wakamwinua. Aurélie akatembea kando ya tipoi akiwa ameinua chupa ya dripu, na Raphaël akashika mti wa nyuma.

Kamaldine alibaki na Emile, mkono juu ya chuma. Joto lilipanda, likaenea, mpaka akalazimika kuondoa kiganja. Grupu ikakohoa, ikazimika. Petroli ilikuwa imekwisha. Akapanda, akashika ufunguo, akajua batri zina jaribio moja tu.

Motere ikazunguka, ikasita, ikatoa moshi mweupe, ikashika.

Emile na wengine walitupa matawi chini ya magurudumu mpaka kamyo ikatoka kwenye matope. Aliwakuta wabebaji mbali, wakipanda kilima, mabega yamechubuka. Walimlaza Léocadie nyuma, kwenye godoro juu ya magunia. Njia nzima Kamaldine alisikia kilio chake kila gurudumu lilipoingia shimoni, na Léocadie alipoacha kulia ndipo yeye alipoogopa zaidi.

Kasongo walifika alasiri. Madaktari wa hospitali walimpokea palepale. Kamaldine hakuthubutu kuzima motere. Mlinzi alipomwambia inawasumbua wagonjwa, aliisogeza kamyo nje ya lango na kukaa ndani yake ikinguruma.

Raphaël alitoka jua likikaribia kuzama, akaegemea mlango wa kamyo.

"Mama iko muzima," akasema. "Mutoto hatukumupata."

Kamaldine alizima motere, akashuka, akasimama naye. Akamuuliza kama amepata kitambaa cha kumzikia mtoto. Raphaël akatikisa kichwa. Wakaenda pamoja sokoni, haraka, kabla wenye vitambaa hawajafunga.