Kiraka cha Ndani

Fundi pancha alikuwa na ngiri kwenye kinena, upande wa kushoto; uvimbe kama yai uliochomoza kila alipoinua gurudumu. Daktari wa kwanza, kijana mwenye haraka, alimchorea kwenye karatasi: matundu matatu madogo tumboni, kamera, kisha wavu wa kuziba msuli uliotoboka uwekwe kwa ndani.

"Kwa ndani?" Fundi akacheka. "Hapo umesema! Kiraka cha nje ni cha kumdanganya mwenye gari. Cha ndani, upepo wenyewe unakishikilia."

"Kumbe mzee wewe ni daktari mwenzangu."

Wakapatana. Muuguzi akaleta fomu.

"Utapewa dawa ya usingizi, baba, kwa hiyo huwezi kurudi peke yako. Nani atakuchukua na kukaa nawe mpaka kesho yake?"

"Mke wangu," akajibu, ulimi umemtangulia. Alikuwa amemzika miezi saba nyuma. Ikabidi amwambie muuguzi afute.

"Pole, baba. Mtoto je? Jirani?"

Mtoto hawakujaliwa. Majirani walikuwepo, lakini wa "habari" na "nzuri" tu, kisha mlango.

Muuguzi akampeleka chumba cha pili. Daktari wa huko, mama wa makamo, alikuwa na mtindo wake: mkato mmoja urefu wa kidole, ganzi ya palepale, mgonjwa yu macho, na jioni anarudi kwa miguu yake.

"Wavu unakaa wapi?"

"Juu ya msuli, kwa nje. Ila nami nina maneno mengi nikishona, utanivumilia."

Fundi aliyekataa viraka vya nje maisha yake yote akatia sahihi.

Siku ya upasuaji walimkinga kwa shuka ya kijani asione. Alihisi kuvutwavutwa tu, bila maumivu. Daktari akamuuliza habari za kazi, naye akajikuta anamsimulia habari za marehemu: akitumbukiza mpira kwenye beseni la maji, ni mkewe aliyekuwa akiona mapovu kwanza.

"Tundu la sindano, daktari! Mimi nina miwani, yeye hana, na ananicheka."

"Alikuweza huyo! Haya, kohoa, mzee wangu." Akakohoa. "Kimeshika. Tumemaliza."

Saa nzima ilikuwa imepita. Tangu msibani hakuwa ameongea kiasi hicho.

"Daktari, hebu nitazame na upande wa kulia. Huenda nako kuna tundu."

Akambonyeza, akamkohoza tena. "Huku mzima kabisa."

"Mungu ashukuriwe," akasema fundi, kinyonge, kama mtu aliyenyimwa kitu.