Kifuniko cha Eligio

Casiana Tuz alizaa mtoto mmoja tu, Eligio, na huyo mmoja alirudishwa kwake ndani ya kopo. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Kijana alikwenda kaskazini kuezeka nyumba za watu, akateleza juu ya paa, basi. Mkewe Rubí, mtoto wa mjini asiyejua lolote kuhusu kijiji chao cha Pomuch, akakubali mwili uchomwe ili apate kuja nao nyumbani. Kopo lenyewe la chuma, zuri, linang'aa, kifuniko kimegandishwa kwa gundi.

Sasa Pomuch mtu hafi akasahauliwa. Mwili hukaa kaburini mpaka nyama iishe, kisha wenyewe huitoa mifupa na kuilaza kwenye sanduku. Kila mwaka, siku za wafu zikikaribia, huipangusa mmoja mmoja kwa brashi na kuitandikia kitambaa kipya kilichodariziwa maua na jina. Hiyo ndiyo nguo ya marehemu ya mwaka mzima. Asiyesafishwa huzurura barabarani na matambara yake, na kwao watu huanza kuugua.

Casiana alikuwa ameshaugua. Chakula kilimkinai, usingizi ulimpaa, nguo zikawa zinamvaa yeye. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza kwa adabu tu. Alikijua kilichokuwa kikimla: alitaka kumsafisha mwanawe, amtoe vumbi, amsemeshe kidogo, amvalishe. Lakini majivu, jamani, mtu anayasafishaje? Kwa hiyo alimwambia Rubí akae na kopo lake huko chumbani kwake, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye kituo cha basi.

Asubuhi ya kusafisha mifupa, makaburini palijaa watu. Casiana alikuwa amekaa na mifupa ya marehemu mama yake mapajani, anapangusa mbavu, huku jirani yake, Bi Nicanora, akimshughulikia marehemu mumewe kwenye kijumba cha pili cha kuwekea masanduku.

"Mwone huyu," Nicanora alisema, akiinua taya. "Meno yote anayo! Mimi niliyebaki natafuna kwa ufizi. Ubinafsi ule ule."

"Mwache mzee wa watu."

"Nimwache? Alivyoniachia mimi kuku na madeni?"

Casiana alicheka, kidogo, na kicheko hakijaisha akamwona Rubí anakuja kati ya makaburi, kopo kifuani, kitambaa begani. Akaiweka brashi chini.

"Nani kakuita?"

"Hakuna, Mama. Nimemletea nguo yake."

Kitambaa kilikuwa kimedariziwa vibaya, Mungu anisamehe. Maua yamepinda, jina limepanda mlima. Lakini vidole vya msichana vilikuwa vimejaa vitundu vya sindano, na Casiana aliviona.

"Jino la pembe si dawa ya pengo, Rubí. Utalivalisha nguo kopo?"

"Hilo ndilo nililoweza kuja nalo. Ningemwacha kule kaskazini peke yake?"

"Umemchoma mwanangu!"

"Ndiyo, nimemchoma!" Rubí naye sauti ikampanda. "Alikuwa mume wangu, Mama. Unadhani sikulia mimi?"

Nicanora akajifanya anatafuta brashi. Casiana alikuwa akilitazama kopo, na ndipo alipoiona ile gundi.

"Na hapa umemziba?"

"Walisema nisifungue, asije akamwagika."

"Angalia masanduku haya yote. Lipo hata moja lililofungwa?"

Rubí akageuka. Kila kijumba, kila sanduku, kifuniko kimesogezwa kando, na marehemu wanatazama nje.

"Wanataka hewa," Casiana alisema. "Wanataka waone mchana. Mwanangu yumo gizani tangu aje, na mimi ndani ya nyumba hiyo hiyo, nimenuna!"

Hapo ndipo Rubí alipolia. Alilia kwa kwikwi, bila kujifunika. "Sikujua, Mama. Kila Jumapili nalifuta. Nalifuta nje tu. Sikujua."

Nicanora ndiye aliyeleta kisu, bila neno. Casiana akakipitisha chini ya kifuniko, akazungusha, gundi ikaachia. Ndani mlikuwa na majivu ya rangi ya jiko lililolala. Akaingiza mkono taratibu, na vidole vikagusa kitu kigumu. Akakitoa. Kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mahindi.

"Cha wapi hiki?"

"Sijui, Mama."

"Cha mkono?"

Rubí akafuta kamasi. "Labda cha mkono."

"Basi ni cha mkono."

Akachukua brashi akakipangusa, upande huu na upande ule, muda mrefu kuliko alivyompangusa mama yake mzima. Alimsemesha huku akilia. Kwamba amechelewa, asamehewe. Kwamba mwaka huu mvua ilikuwa nzuri. Kwamba unga wa mikate ya sikukuu, ile ya kuku inayookwa ardhini, uko tayari, na mkate wake yeye atautia kuku tele. Kisha akakirudisha, akalizungushia kopo kile kitambaa, akakinyoosha pale jina lilipopanda mlima. Kifuniko akakiacha kando.

Akajipangusa mikono, akamgeukia Rubí.

"Basi lako la kurudi mjini ni baada ya sikukuu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nikifa, usinichome."

"Sitakuchoma."

"Hilo nimelisikia. Na atakayenisafisha ni nani? Sina mtu mwingine, Rubí."

Rubí akalitazama kopo. Tangu afike alikuwa akikwepa kulitazama lile fuvu la mama yake Casiana lililokuwa juu ya sanduku, na mvi zake bado zimelishika. Mifupa ilimtisha, hilo hata watoto wa jirani walilijua na kumcheka. Casiana akaliinua kwa mikono miwili, akamwekea mapajani, akampa brashi.

"Anzia kwenye macho. Polepole, wala usipulize."

Msichana akaishika brashi.

"Hebu ngoja," Casiana akasema. "Mtajie jina lako kwanza. Hakujui."

Rubí akainama, akajitaja.