Redio Imezimwa

Pale kiwandani kwetu, tunakotengeneza viatu, naitwa Bibi Redio. Sikulichagua jina hilo, ila nililifanyia kazi. Ukitaka habari itoke getini ifike stoo kabla ya chai, uninong'oneze mimi, halafu uniambie, "Usimwambie mtu."

Kwa hiyo wafanyakazi wenzangu waliponichagua niwe mwakilishi wao wa usalama na afya kazini, hakuna aliyeshangaa. Matangazo ya glavu na barakoa yangefika upesi. Tulichosahau sote ni kwamba, kisheria, habari za afya ya mtu unazozipata kwa kazi hiyo ni siri. Nesi wa kiwanda alinisomea kifungu chenyewe polepole, kisha akakirudia huku akiniangalia mdomoni.

Siri ya kwanza ilikuja na binti wa meza ya gundi. Alikuwa na mimba changa, na harufu ile haimfai mjamzito. Alikubali nesi anieleze, ili nimwombee kwa msimamizi ahamie kwangu, kwenye maboksi.

"Bibi, ya kwanza iliharibika," aliniambia, akikunjakunja pindo la aproni. "Watu walikuwa wameshanipongeza. Kila siku nikawa naulizwa habari za mtoto. Safari hii naomba tumbo liseme lenyewe."

"Mjukuu wangu, mimi ni kaburi."

Akanitazama kwa huruma. Hata mimi nilijihurumia.

Msimamizi, Mungu amjalie, hakudadisi. Nilimwambia ni sababu ya afya, akamhamisha siku hiyohiyo na kumtafutia kiti chenye mto. Kibarua kilikuwa kwa wengine. Wakati wa chai akaja Mkata Soli, mama mwenye ulimi mkali kama kisu chake.

"Bibi, binti kahamia kwako, kuna nini?"

Mdomo ukaniwasha. Nikapuliza chai iliyokwisha poa.

"Macho yangu yamechoka," nikasema. "Ameletwa anisaidie kusoma saizi."

"Ahaa. Pole, Bibi yangu."

Kumbe uongo nao unataka matunzo. Ikabidi nishike maboksi mbali na uso na kumwita binti anisomee. Wenzangu wakaanza kunishika mkono kwenye ngazi. Mmoja akanimenyea chungwa, kana kwamba chungwa lina maandishi. Mwishowe msimamizi akanipeleka kupimwa macho. Nikasoma ubao wa herufi kwa madaha, mpaka mwisho. Mpimaji akaniambia nimesoma vizuri, ila si zilizoandikwa pale.

Nikarudi na miwani. Ndipo nikaona kwamba kwa muda wote huo saizi sita kwenye maboksi nilikuwa naziandika nane, na binti alikuwa akizisahihisha kimyakimya, asinitie aibu.

Nikaona na mengine. Binti akipita, Mkata Soli anafunika kopo la gundi. Mwingine anafungua dirisha. Mwingine anampokea boksi zito bila hata kumtazama.

Nikamvuta Mkata Soli pembeni. "Nyie mnajua nini?"

"Hatujui kitu, Bibi."

"Mama, nimevaa miwani."

Akakuna shingo. "Tulimsikia akitapika chooni, tukaelewa. Tukakubaliana kila mtu afunge mdomo, isije ikakufikia wewe."

"Ikanifikia mimi?"

"Bibi, tunakupenda. Lakini tunakujua."

Nilitaka kumwambia kwamba nilijua kabla yao. Nilitaka sana, karibu nipasuke. Nikafuta miwani.

"Sijui unazungumzia nini," nikasema, nikarudi kwenye maboksi.

Aproni ilipoanza kumbana, binti alinisogelea akiwa anatabasamu. "Bibi, sasa unaweza kuwaambia."

Nikatoka getini nikafika stoo kabla ya chai. Wote walishtuka vizuri sana. Mkata Soli alishika kifua na kusema, "Kweli, Bibi? Na sisi tusijue?" Akanivutia kiti nikae, nieleze tangu mwanzo.