Pilau ya Kununulia Mablanketi

Mzee Abdulrahim, bosi wetu, alitangaza akiwa mlangoni, funguo za gari mkononi: mwisho wa mwezi kila mfanyakazi atakatwa mshahara, kampuni iwanunulie mablanketi watoto yatima wa Ihanda. Juni ilikuwa imeingia, na baridi ya Mbozi haina masihara.

Watoto nawapenda. Makato siyapendi. Recho, anayefagia ofisi yetu ya uwakala wa forodha, alikuwa na kodi ya chumba na mapacha wanaonyonya. Ukimkata yeye, wanaolipa ni hao mapacha. Nikamfuata bosi hadi kwenye gari.

"Mzee, mchango wa lazima si mchango. Tuachie Jumamosi. Tutapika, tuwauzie madereva wa malori walio kwenye foleni ya kwenda mpakani. Tukipata ya mablanketi, usimkate mtu."

"Msipopata?"

"Kata."

Akacheka. "Mama Tuli, hivi mumeo nyumbani hupata nafasi ya kusema?"

"Jumapili, nikiwa kwaya."

Jumamosi tukawasha moto uani. Zebedayo wa uhasibu alikata vitunguu huku machozi yakimtoka. Mwanamvita wa mapokezi, mtu wa Tanga, alisimamia pilau na hakutaka mtu aguse sufuria yake. Recho alichochea kuni, pacha mmoja mgongoni. Mwingine nilimbeba mimi. Harufu ilifika barabarani. Madereva wakaja, wengi Wazambia, wakachungulia sufuria, wakarudi kwenye malori yao.

Nikamzuia mmoja. "Kaka, kuna nini?"

"Bamayo, mama yangu, huu ni wali," alisema kwa upole, kama anayempa mtu habari za msiba. "Tangu Jumatano tunakula mikate. Tunataka nshima. Ugali."

Miaka yote tunashughulikia nyaraka zao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwauliza wanakula nini.

Mwanamvita akanuna. "Na pilau yangu?"

"Ifunike. Recho, bandika maji."

Unga na dagaa vikaletwa. Zebedayo akashika mwiko, akatoa mabonge. Ndipo bosi alipoingia, nadhani kutazama tulivyoshindwa. Aliyaangalia yale mabonge, akavua saa, akakunja mikono ya shati.

"Nilikuwa utingo njia ya Lusaka kabla hujazaliwa," alimwambia Zebedayo. "Sogea."

Akasonga ugali hadi shati likamganda mgongoni. Madereva walirudi na sahani zao, wakamtania kwamba mpishi huyu kitambi chake kinaaminika. Ugali ukaisha, tukasonga mwingine. Waliokosa nafasi kwenye foleni ya ugali wakaanza kuulizia pilau, na Mwanamvita akafunua sufuria bila kutabasamu.

Alasiri nilimwendea bosi, aliyekuwa amechutama akipuliza moto.

"Mzee, ya mablanketi imetimia. Makato je?"

"Makato gani tena? Unga unakwisha, Mama Tuli. Tuma mtu."

Recho alimsikia. Akanipokonya pacha wangu, akakaa chini kwa mara ya kwanza siku ile, akawanyonyesha wote wawili.