Kichupa cha Kupulizia

"Na bwana harusi naye ni mwongo?" binti aliuliza, akimsogezea mama yake koti la suti puani. "Nusa, mama. Nusa mwenyewe."

Mama yake, fundi wa nguo, hakunusa. Alikanyaga cherehani yake kwa nguvu, ikapiga kelele za kutosha kufunika maswali, ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Suti ilikuwa imerudishwa asubuhi ile, nayo ilinuka kama baa nzima. Aliyeipiga pasi ni binti. Alikuwa amekuja kumsaidia mama yake kazi, akaona kichupa cha kupulizia maji kimesimama nyuma ya nyuzi, akapulizia kola, mabega na mikunjo yote ya suruali. Hayakuwa maji. Bwana harusi akaivaa kwenda ukweni, na mama mkwe mtarajiwa akamuuliza kwa upole kama amelewa tangu jana au ndio kwanza anaanza.

Fundi alisema ile ni dawa ya kutoa madoa. Binti akataka kujua ni dawa gani ya madoa inayopungua hata siku ambayo hakuna doa. Fundi akasema mshono wake umenyooka, wateja hawajamkimbia, na mlevi ni mtu anayelala mtaroni.

"Wewe hulali mtaroni kwa sababu mtaro uko mbali," binti akasema.

Mjukuu alikuwa amelala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, ngumi moja hewani kama mtu anayedai haki yake. Binti alimtazama, akashusha sauti. Likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha.

"Jumatatu narudi kazini. Nikimwacha hapa nataka nijue nimemwachia bibi yake, si hicho kichupa. Kuna kikao jioni hii. Ukienda, anabaki kwako. Usipoenda, nimeshapata mtu wa kumlea."

Fundi akaacha kukanyaga. Akajipaka rangi ya mdomo, akachukua mkoba, na binti alipoinama kumfunga mtoto mgongoni, kichupa nacho kikaingia mkobani. Safari haina adabu, unaweza kukwama popote.

Muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa amemwelekeza binti: chumba cha chekechea, nyuma ya maktaba. Walizunguka maktaba mpaka fundi akaanza kuwa na matumaini kwamba chumba kimebomolewa. Binti akamuuliza mlinzi, kwa kunong'ona, kikundi kile cha kusaidiana kinakaa wapi.

"Walevi?" mlinzi akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Mlango wa bluu. Wahini, chai inaisha."

Ndani, watu wazima walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na videvu, chini ya picha ya twiga aliyepakwa rangi ya zambarau. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja dereva wa lori. Aliwakaribisha, akauliza nani mgeni.

Fundi akasimama, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni.

"Mimi nimemsindikiza binti yangu," akasema. "Amezidi."

Binti alifungua mdomo kukana, akawahiwa. Watu wakampa pole. Mzee mmoja akampa pole hata mtoto mgongoni. Mtu akaleta chai, mwingine akamsifu kwa ujasiri wa kuja. Binti alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akasema asanteni, akakaa. Hakumtazama tena.

Zamu ikawa ya kinyozi. Alieleza kwamba yeye pombe yake aliificha kazini, ndani ya kile kichupa cha kulowanishia nywele. Hakuna aliyeshuku, mpaka siku alipompulizia mteja mwenye vipele kichwani. Mteja aliruka kitini akakimbia mpaka kwao, nusu ya kichwa imenyolewa, na shuka la kinyozi likipepea nyuma yake.

Chumba kizima kilicheka. Fundi alicheka kuliko wote, mpaka machozi. Miaka yote alijiona ndiye mvumbuzi.

"Na pampu yako ilikuwa inakwama?" akauliza. "Yangu inakwama kila mara."

Kicheko kikafa. Dereva wa lori akageuza kiti chake kidogo na kumkabili.

"Yako ipi, mama?"

Fundi akakumbatia mkoba wake. Kinyozi ndiye aliyemjibu, kama fundi kwa fundi mwenzake.

"Ilikuwa inakwama. Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaitunza kuliko mwanangu. Siku hizi ni maji matupu, na bado mwanangu ananusa kabla sijamnyoa. Namwacha anuse."

Fundi alitazama mgongo wa binti yake, na kisigino kidogo kilichochungulia kwenye mbeleko.

"Binti yangu hanywi," akasema. "Hata soda inamshinda. Mlevi ni mimi."

Akatoa kichupa mkobani. Sinki lilikuwa la kimo cha watoto, ikabidi apige magoti. Akafungua kifuniko, akamimina. Harufu ikapanda, na chumba kizima kikavuta pumzi kwa pamoja.

"Mimina upesi, mama," mzee akasema. "Hapa kuna watu."

Akakisuuza, akakijaza maji ya bomba, akafunga. Akaenda mpaka mbele ya binti yake, akampulizia kiganjani. Pampu haikukwama.

Binti akanusa. Akanusa tena. Kisha akachukua kichupa chenyewe, akakifungua, akaingiza pua.

Fundi akamwacha anuse.